Binti yangu anataka kutoa nywele zake kwa watoto wenye kansa, zitafika kweli?

"Shikamoo sista. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Bombo. Binti yangu wa pili ana miaka 12, yuko P7, mwezi wa kumi na moja anafanya PLE, mtihani wa kumaliza praimari. Nywele zake ni ndefu sana, shule aliyoko ni ya praiveti wanaruhusu kusuka, lakini sekondari anayoenda mwakani lazima anyolewe. Sasa ameona video ya msichana wa Ulaya aliyekata nywele zikatengenezwa wigi ya watoto wenye kansa na akachanga hela nyingi, na yeye anataka afanye hivo hivo. Mwaka jana mtoto wa jirani alivimba taya, wakampeleka hospitali ya Mulago, nywele zikaisha zote, tangu hapo binti yangu hajatulia. Anasema atachanga milioni mbili na ataweka TikTok. Bibi yake hataki kabisa, anasema nywele za mtoto haziendi mikononi mwa watu usiowajua na wigi ya nywele za mtu ni haramu. Mjomba wake anasema tutaonekana matapeli. Nywele ni za kipilipili, tulizitia dawa ya kunyoosha mara moja tu, Idi ya miaka mitatu iliyopita. Je zinafaa? Nizipeleke wapi hapa Uganda? Nimruhusu au nimkataze?"

Marahaba mama, na asante kwa kuandika kirefu hivyo, maana wengi wananiulizaga mambo ya nywele kwa mstari mmoja alafu nabaki nabahatisha. Nimekuwa nesi wa watoto wenye kansa hapa Kampala miaka mingi, kwa hiyo nakujibu nikiwa na sura za hao watoto kichwani. Na nianze na jibu lenyewe usije ukasoma mpaka chini roho iko juu: mruhusu. Lakini mruhusu akijua ukweli, na ukweli ni kwamba nywele zake huenda zisikae kichwani kwa mtoto yeyote wa Mulago. Hela zitakazochangwa kwa sababu ya hizo nywele ndo zinaweza kufika, na zikifika zinafanya kazi ambayo wigi haifanyi.

Kabla ya wigi tuongee kwanza juu ya yule mtoto wa jirani, kwa sababu naona hapo ndo mzigo wa binti yako ulipo. Mtoto wa huku kwetu akivimba taya ghafla, kitu cha kwanza sisi wodini tunachofikiria ni limfoma ya Burkitt, kansa ya chembe za kinga za mwili. Jina limetoka kwa daktari Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji Mulago hapa hapa, akaielezea mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye taya zilizovimba namna moja. Hata Uganda Cancer Institute, ile ambayo watu wote tunaiita Mulago tu, ilianza 1967 ikiwa kituo cha kutibu limfoma hizo. Yaani ugonjwa ambao binti yako ameuona kwa jirani dunia nzima iliujua kutokea hapa kwetu. Na unatibika, watoto wengi wanapona wakiwahi na wakimaliza dozi zote. Naomba umwambie hivyo kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu mtoto aliyeona mwenzake anapukutika nywele mara nyingi anajua kichwani kwake kwamba ile ndo dalili ya kufa.

Sio dalili ya kufa, na haina maana kwamba ugonjwa umezidi. Kila unywele una shina lake chini ya ngozi, na kwenye shina kuna seli ambazo hazipumziki, zinagawanyika usiku na mchana kuusukuma unywele juu. Kichwani kwako sasaivi nywele kama tisa katika kila kumi ziko kwenye kazi hiyo ya kukua. Sasa dawa za kansa kama saiklofosfamaidi zinawinda seli yoyote inayogawanyika haraka, maana kansa ndo tabia yake hiyo, ila dawa haina macho ya kujua hii ni kansa hii ni nywele, inapiga zote. Ndo maana wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza mama anakuta nywele kwenye shuka, na mdomo nao unatoka vidonda kwa sababu ile ile. Lakini shina halijafa, limesimamishwa tu. Dozi zikiisha, mwezi mmoja mpaka mitatu hivi, unaanza kuona vinywele vinachomoza kama vya mtoto mchanga, saa zingine vinakuja laini kuliko vya zamani. Nimeona akina mama wanavipapasa vile vinywele wanalia.

Sasa wigi. Ile video aliyoona ni ya kweli na yule msichana wa Ulaya amefanya jambo zuri, lakini ni zuri la kule. Kule mtoto wa miaka 12 akipoteza nywele anarudi darasani kwa wenzake wote wenye nywele mpaka mgongoni, anaonekana toka mlangoni, kwa hiyo wigi inamrudisha katikati ya wenzake. Hapa kwetu simama asubuhi kwenye mstari wa shule yoyote ya serikali uangalie, vichwa vyote vimenyolewa, wavulana kwa wasichana. Mtoto wetu aliyetoka kwenye matibabu hatambuliki kwa kipara. Anatambuliwa kwa taya, kwa plasta ya kanula kwenye mkono, kwa mask, na kwa kukosa shule term nzima.

Nakumbuka msichana mmoja wa miaka kama tisa, ametoka West Nile, karibu kilomita 500 mpaka Kampala. Wageni walikuja na maboksi ya zawadi, ndani kulikuwa na wigi, nyeusi, ndefu, ya kung'aa. Akavalishwa, akapigwa picha, akacheka kweli kweli. Wageni walipotoka akaivua maana joto lilikuwa kali na kichwa kilikuwa kinamuwasha, akaitundika kwenye stendi ya dripu, ikakaa pale inaning'inia kama kuku wa sokoni. Alafu akaniuliza, "Sista, basi la mama linafika saa ngapi?" Mama yake alikuwa ameenda nyumbani kutafuta hela, ameacha wadogo zake kwa jirani, na yule mtoto alikuwa amebaki na shangazi ambaye naye alikuwa anataka kuondoka. Hela ya basi ndo ilikuwa shida ya ile nyumba. Wigi iliendelea kuning'inia pale mpaka mtu akaja kuitoa.

Sisemi hakuna anayetaka wigi. Wapo, hasa wasichana wa miaka 14 na kuendelea, na wale waliozoea kusuka, na wale ambao kipara kwao kinaleta maswali mtaani, na hao wana haki ya kuipata bila mtu kuwaambia kuna shida kubwa kuliko hiyo. Ila ukiniuliza nini kinachoua watoto wetu ambao wangepona, nitakwambia kwanza ni kuchelewa kufika na pili ni kuacha matibabu katikati. Mtoto anapata dozi ya kwanza, ya pili, uvimbe unapungua, unaona hata taya imerudi, nyumbani wanasema amepona, na nauli ya kurudi Kampala hamna, basi hawarudi. Serikali inasaidia kwenye matibabu, sikatai, lakini nauli, posho, sabuni, mahali pa kulala mama, na dawa siku stoo ikiwa haina, hivyo vyote viko juu ya mzazi. Na ule uvimbe ukirudi unarudi na mbio zake, Burkitt inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili.

Turudi kwa nywele zenyewe maana umeniuliza kama zinafaa. Nywele za kipilipili zinakua kama sentimita 9 mpaka 10 kwa mwaka, polepole kidogo kuliko nywele za Wazungu na Wahindi. Dawa mlitia miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo nywele zilizoota toka siku ile zingekuwa kama sentimita 27 mpaka 30, na kile kilichoguswa na dawa kimesukumwa huko chini kabisa kwenye ncha, kama hakijakatika chenyewe. Usikisie, mwoshe nywele na uziangalie zikiwa bado na maji. Chukua fungu moja, livute taratibu uliachie. Sehemu iliyoota yenyewe itajikunja kama springi, ile ya dawa italala imenyooka kama uzi, na katikati utaona mpaka kabisa, saa zingine pale kwenye mpaka unywele ni mwembamba na unakatika kirahisi. Hicho cha chini mkikate mkitupe, alafu kilichobaki kikishakauka ukivute na ukipime kwa tepu ya fundi cherehani. Usipime zikiwa zimejikunja, utalia bure.

Mashirika ya nje yanataka urefu. Locks of Love ya Marekani wanataka sentimita 25 au zaidi, na nywele zilizofifishwa rangi kwa kemikali hawachukui. Kule Uingereza Little Princess Trust kwa miaka mingi walikuwa hawatengenezi wigi za nywele za Kiafrika, walianza mwaka 2021, kwa hiyo mtu akikwambia nywele zetu hazifai kabisa anasema habari ya zamani. Lakini mjue na hili, wigi moja haitoki kwenye kichwa kimoja. Locks of Love wenyewe wanasema wanahitaji mikia ya nywele sita mpaka kumi, yaani mafungu yaliyofungwa na kukatwa, kwa wigi moja, kwa hiyo ile picha ya nywele za binti yako kukaa kichwani kwa mtoto fulani mwenye jina, mtoe hiyo picha mapema. Na mkia ukifika kule, utavaliwa na mtoto wa kule. Hata ugonjwa unaweza usiwe kansa, kuna watoto wengi ambao nywele zinaanguka kwa ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele, hao nao wanapewa.

Hapa Uganda miaka yote niliyofanya kazi sijapokea wala kupeleka mkia hata mmoja wa nywele kwa ajili ya wigi ya mgonjwa. Kwa hiyo akitokea mtu Kampala anakwambia lete nywele tunatengenezea watoto wa Mulago, mwambie akuonyeshe wigi iliyokwisha na akuonyeshe inaposhonewa. Kama hana, funga mkoba uende nyumbani.

Kwa hiyo mna njia ya kutuma nje, mkilipa posta wenyewe, mkisoma kwanza masharti ya shirika ya wakati huo maana wanabadilisha badilisha. Binafsi hela ya kutuma furushi mpaka Ulaya ningeona afadhali iwe nauli ya mtoto mmoja kurudi dozi ya tatu. Lakini kama binti moyo wake uko kwenye nywele kabisa na hela ya posta ipo, sio kosa, tumeni.

Bibi sasa. Mama, usimpite bibi kama mtu wa zamani asiyejua kitu. Juu ya wigi hajatunga, kuna hadithi sahihi ya Mtume inayokataza kuunganisha nywele za mtu na za mwingine, na mimi sio sheikh siwezi kukaa kwenye kiti chake, nendeni kwa imamu wenu mkamuulize mkiwa naye bibi mwenyewe, mumweleze yote ikiwemo kwamba ni mtoto mgonjwa. Na lile la nywele kwenda kwa watu usiowajua, hata akiwa anaogopa uchawi, kuna kitu cha kweli ndani yake, kwamba mwili wa mtoto sio kitu cha kugawa gawa. Na angalia, hapa mna bahati ambayo hamjaiona. Kama kazi kubwa inafanywa na hela, nywele haziko lazima ziondoke Bombo! Binti anakata, watu wanachanga kwa sababu amekata, bibi anachukua nywele anazizika anavyojua yeye. Mtoto ametoa, bibi ametulia, hela zimefika. Nimeshaona familia inagombana miezi miwili kwa jambo ambalo lilikuwa na mlango huo wazi.

Kuna watu watamwambia binti kwamba hajatoa kitu kwa sababu nywele zingenyolewa tu mwezi wa pili akiingia S1. Msiwasikilize. Anachotoa ni ile siku, na macho ya watu, badala ya kunyolewa kimya kimya na kinyozi wa shule amechagua siku yake na sababu yake. Ila na wewe muulize, mkiwa wawili peke yenu jikoni, sio mbele ya wageni: je, shule ingekuwa inaruhusu nywele bado ungekata? Akisema hapana, sio vibaya, maana yake ana huzuni ya nywele zake na anatafuta namna ya kuibeba, basi mpe nafasi aseme. Mwambie pia anaweza kughairi mpaka dakika ya mkasi, hata kama watu wameshachanga. Hiyo sentensi ya mwisho iseme kwa sauti kabisa, kwa sababu mtoto wa miaka 12 akishaona mjomba ametoa elfu hamsini anaona ameshauzwa.

Na PLE. Mimi ningeomba mpaka mtihani uishe hii habari ibaki mezani tu. Novemba asome, Desemba akate. Na nywele nazo zitakuwa zimeongezeka kidogo.

Mambo ya hela, hapa namuunga mkono mjomba nusu. Wapo watu kwenye hii nchi wanaozunguka na picha za watoto wagonjwa wanakula hela, kwa hiyo watu wakishuku sio ubaya wao. Dawa yake ni hela zisipite mikononi mwenu. Chagueni kwanza shirika, mpige simu, mwende mkaone kwa macho. Kawempe Home Care wana hosteli ya watoto inayoitwa New Hope, Bless a Child Foundation nao wana nyumba ya watoto wenye kansa wanaotoka mbali, na pale Uganda Cancer Institute penyewe unaweza kumuulizia afisa ustawi wa jamii kwenye wodi ya watoto. Shirika la kweli halikasiriki ukiomba kuona cheti cha usajili na kibali, sheria ya NGO ya 2016 inawataka wawe navyo. Waombeni barua inayosema binti fulani anachanga kwa ajili yetu, mpeleke na kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, aweke muhuri, ndo mpite kwa majirani.

Hela zitumwe moja kwa moja kwenye namba ya shirika, na mtu akituma, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN liwe la shirika sio la mtu. Mkikusanya kwenye simu yako alafu mtoe, mtakatwa ada ya kutoa pamoja na ule ushuru wa asilimia 0.5 wa tangu 2018, kwa milioni moja ushuru peke yake ni shilingi elfu tano, na hiyo ni hela ya mtu iliyopotea njiani. Wale wazee wanaotoa keshi mkononi, kuwe na daftari, jina, kiasi, sahihi, na watu wazima wawili wanaohesabu pamoja. Binti aandike hilo daftari yeye mwenyewe kwa mkono wake, atajifunza kitu pale ambacho mwalimu wa hesabu hajamfundisha.

Milioni mbili mimi ningeishusha. Uwezo wake haunitii shaka, naogopa tu akifika laki nane ajione ameshindwa, wakati laki nane wodini ni kitu kikubwa. Mpangie hivi, watu waahidi kwa kila sentimita. Mtu anasema mimi natoa elfu mbili kwa kila sentimita, siku ya kukata mnapima na tepu mbele ya wote, zikitoka sentimita 28 huyo anadaiwa elfu hamsini na sita, wakiwa ishirini wa namna hiyo tayari ni milioni moja laki moja na elfu ishirini. Asiye na hicho aahidi mia mbili kwa sentimita, ni sawa kabisa. Watoto wanapenda hii sana kwa sababu kila mtu anasubiri tepu inasema nini. Na mseme mapema hela ni za kitu gani, muulize hosteli wiki hii wanakosa nini, wakisema sabuni na nauli basi tangazo liseme sabuni na nauli.

TikTok hapana. Wao wenyewe umri wao ni miaka 13 na binti hajafika, na hata angefika ningesema hapana kwa sababu mtoto wa kike akiweka sura yake pamoja na namba ya simu na habari ya hela hajui nani anasoma. Tumia WhatsApp yako wewe, kwa watu unaowajua. Na mtoto wa jirani jina lake na picha yake msiviguse kabisa bila wazazi wake kukubali, sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kwa habari za mtoto, na hata sheria isingekuwepo, mgonjwa ni mtu, sio bango.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakifikirii na mimi kinanikereketa kila Desemba. Damu. Watoto hawa dawa inashusha damu yao, wanahitaji kuongezwa damu na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na damu nyingi ya nchi hii inatolewa na wanafunzi mashuleni. Shule zikifunga benki ya damu inakauka. Binti yako anakata Desemba, ndo wakati ule ule! Yeye ni mdogo hawezi kutoa, lakini wewe, mjomba, wajomba wote wenye afya wanaweza, kuanzia miaka 17. Aandike barua kwa mkono wake kwa kila mtu mzima wa ukoo, kwamba siku nakata nywele wewe nenda Nakasero au pale wanapotoa damu karibu na kwenu. Mjomba aliyesema mtaonekana matapeli aanze yeye, chupa ya damu hakuna mtu atasema ameila.

Siku yenyewe, kama mnataka kutuma nywele, zioshwe siku moja kabla na zikauke kabisa, zikifungwa na maji zinaota ukungu kwenye furushi. Gawa vifungu kama sita, kila kimoja kifungwe mpira juu na mpira chini, kata juu ya mpira wa juu. Zilizoanguka chini usiokote uchanganye, kwa sababu unywele una magamba kama ya samaki ngege, yanalala upande mmoja kutoka shinani kwenda nchani, ukichanganya yanagombana na wigi inajifunga mafundo. Kama zinazikwa na bibi hayo yote ruka. Kumalizia kichwa, wembe uwe mpya wa kwake peke yake, au mashine ifutwe vizuri na spiriti kabla haijamgusa, maana mapunye mengi ya watoto yanatoka kwenye mashine za saluni.

Akitaka kupeleka mchango mwenyewe, sawa, apeleke hosteli au ofisini. Kuingia wodini sio lazima na mara nyingi hataruhusiwa. Wale watoto chembe zao za kinga ziko chini, mafua ya kawaida ya mgeni kwao ni homa ya kulazwa, tetekuwanga ndo usiseme. Pigeni simu kwa sista inchaji kwanza, na kama binti ana kikohozi siku hiyo abaki nyumbani bila kujadiliana.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka huku, yanataka mtu wa kumwona uso kwa uso. Ukisema binti hajatulia mwaka mzima, angalia usingizi wake. Kama anaota ndoto za kutisha, hali chakula vizuri, anajipapasa taya kila mara kuona kama imevimba, anakataa kwenda kwa jirani, mpeleke kwa mshauri wa watoto kwenye hospitali iliyo karibu na nyinyi, kabla ya mkasi. Kukata nywele hakuponyi hofu ya namna hiyo, saa zingine kunaiongeza akijiona kwenye kioo anafanana na yule mgonjwa. Kama nywele zake mwenyewe zinaanguka kwa viraka, usikate kwanza, aonwe na daktari wa ngozi. Na mtoto yeyote hapo mtaani, taya au tumbo linavimba, meno yanalegea bila sababu, jicho linang'aa jeupe kwenye picha, homa na kutoka damu kusikoisha, hapo hakuna kusubiri mwezi uandame, ni siku hiyo hiyo hospitali, na wakimpa rufaa ya Mulago aende wiki hiyo hiyo. Kansa haiambukizi, kwa hiyo yule mtoto wa jirani akirudi, binti yako acheze naye, wale sahani moja kama zamani.

Wewe kwa leo anza na kitu kimoja. Mwoshe nywele Jumapili, uzivute zikiwa na maji, utafute ule mpaka wa dawa, alafu uniandikie zimetoka sentimita ngapi.